Kiondo cha Mbithe

Kosa lenyewe nililiona mbele ya watu wote, katika ukumbi wa kanisa Mukuyuni, filamu yangu ya kwanza ikionyeshwa.

Inspekta alikuwa akimhoji mjane, aliyeigizwa na shangazi yangu Mbithe. Mjane anajibu huku akisuka kiondo. Swali la kwanza, kiondo kimefika karibu na ukingo. Swali la pili, ni kitako tu, upana wa kiganja.

Tulirekodi vipande hivyo siku tofauti, na shangazi hawezi kukaa mikono mitupu. Nilijikunja kwenye kiti nikingoja kicheko.

Hakuna aliyecheka. Mama mmoja mbele yangu aliacha kutafuna njugu.

"Amekifumua," akamwambia mwenzake.

"Mbona akifumue?"

"Si uzi umemkataa! Uzi haumkubali msusi mwongo. Anadanganya huyo. Ni yeye aliua bwanake."

Ni kweli, alikuwa yeye. Lakini hilo nilikuwa nimelificha hadi dakika ya mwisho ya filamu.

Nilimgeukia shangazi, aliyekaa kando yangu. Macho yake yalikuwa kwenye skrini, vidole vikizungusha uzi pajani.

"Kwani wewe," akaninong'oneza, "hukuniona nikifumua?"