Unga Kwenye Soketi

"Umeiharibu makusudi," shemeji alisema, kabla fundi hajaweka chini sanduku lake la spana. "Mara ya tatu hii. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi changu ni kaka wa mke wangu."

Fundi aliweka sanduku chini pale uani kwa shemeji. Alichuchumaa kando ya pikipiki ambayo mtaa mzima uliiita Mtaliano: nyekundu, nzito, iliyoundwa kwa mbio na safari ndefu, na yenye madeko kuliko bibi harusi. Ilikuwa inawaka vizuri. Ukiitia gia tu, inazima.

"Kesho waendesha pikipiki wote wa mji huu watajua unavyowachezea watu," shemeji aliendelea. "Tuone nani atakuletea hata baiskeli."

Hilo lilimchoma fundi, kwa sababu lingeweza kutokea. Shemeji alikuwa na mdomo, na gereji huishi kwa jina lake. Fundi alimchukia mtu huyu tangu siku ya posa, na leo hakujisumbua kuficha.

"Ufunguo," alisema.

Shemeji aliivua kamba shingoni kwa kinyongo, akampa yote. Kamba ile ilibeba funguo mbili. Mmoja ni wa Mtaliano, wenye chipu ndani, hauna mwenzake, na bila huo injini haiwaki hata uifanye nini. Wa pili ni wa kufuli la geti. Geti la nyumba ile lilifungwa usiku na mchana. Dada anaumwa kichwa, dada amelala, dada ana kazi: ndivyo shemeji alivyojibu kila walipomwalika, mpaka mama yao akaacha kuuliza. Fundi naye alizimeza sababu hizo moja baada ya nyingine, ili amani iwepo.

Dada alitoka jikoni na glasi ya maji. Mikono ilikuwa na unga mpaka viwikoni, na miguuni alivaa raba, kamba zimekazwa.

"Siku hizi unga unakandwa kwa raba?" kaka yake alimtania.

"Sakafu imelowa. Ukiipata shida yenyewe, kaka, itakwenda leo hii?"

"Rudi jikoni," mumewe alisema. "Mambo ya pikipiki hayakuhusu."

Fundi nusura acheke. Baba yao alikuwa tarishi, na wote wawili walijifunzia uani kwenye pikipiki yake ya kazi. Dada ndiye aliyetangulia kujua kuendesha, kaka akikimbia nyuma ameshika kiti. Lakini aliinamia injini. Katika nyumba ile, neno la mgeni lililipwa na dada baada ya mgeni kuondoka.

Alianza na stendi ya pembeni, maana pikipiki kama hii hujizima yenyewe ukiitia gia wakati stendi iko chini. Stendi ilikuwa juu. Basi swichi yake ndiyo inayodanganya. Alifuata waya kwa kidole mpaka kwenye soketi, nyuma ya injini, akaikuta imechomolewa. Haikuvunjika wala haikuchakaa. Imechomolewa kwa vidole viwili, na vidole hivyo viliacha alama za unga.

Alizitazama alama zile kwa mshangao. Tangu utoto, dada yake hakuwahi kuacha unga hata kwenye ukingo wa meza.

Akazifuta kwa kidole gumba, akairudisha soketi, akalifungua geti kwa ufunguo wa pili. Alipobana klachi ilipiga kelele kama vyombo vinavyogongana kwenye beseni. Klachi ya Mtaliano ni kavu, haiogi oili, ndivyo inavyolia, ukiiachia inanyamaza. Alizunguka mtaa mara moja, akarudi bila kuzimikiwa. Aliiacha ikinguruma uani, ufunguo ndani yake na kamba ikining'inia, ipate joto aone kama itakorofisha tena.

"Funga geti," shemeji alimwambia mkewe.

"Bado anajaribu," dada alisema.

"Haya, ulikuwa umechomoa nini?" Shemeji alimgeukia fundi. "Sema. Au nikusemee kule gereji, mbele ya wateja wako?"

Mara mbili zilizopita shemeji alisimama kando ya pikipiki mwanzo mpaka mwisho, mikono nyuma kama askari wa zamu. Leo pia angesimama hivyo. Fundi alimtazama dada yake, akaifikiria gereji yake, na damu, ambayo husemwa ni nzito kuliko maji, ikamwia nyepesi. Alijichukia kwa hilo.

"Twende ndani," alisema. "Hili halisemwi mbele yake."

Sebuleni hakukaribishwa kiti. Alisema yote amesimama: soketi, vidole, unga. "Si mimi. Ni mkeo, na hizo mara mbili za kwanza nadhani pia ni yeye. Lakini ukimgusa, mimi na wewe hatutamalizana kwa maneno."

Alitegemea ngumi. Badala yake uso wa shemeji ukalegea. Alikaa, akacheka taratibu kama mtu aliyesifiwa mbele ya watu.

"Kumbe hataki nitoke," alisema. "Mwanamke huyu. Nikiondoka anaumia, na hasemi. Wewe huna mke, huwezi kuelewa."

Kwa nje, juu ya mngurumo wa injini, ikasikika sauti ya vyombo vikigongana.

"Msikie," shemeji alisema, karibu kwa upole. "Anaosha vyombo utadhani hajafanya kitu."

Fundi aligeuza kichwa. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi mbele yake. Bomba lilikuwa limefungwa, donge la unga limeachwa mezani, na hapakuwa na mtu.

Nje vyombo vikanyamaza, taratibu. Mtaliano alipita getini kwa gia ya kwanza, akaipokea ya pili bila kukosea, na mkono wa shemeji ukapanda shingoni kuitafuta kamba.