Karatasi Isiyochuja

Edvina aliigeuza picha, akamimina maji kidogo mgongoni, akasubiri.

Kamala, mwenye duka la vifaa vya kuandikia na kuchapa picha karibu na stendi ya Bukoba, hakuelewa. Wateja wanaoijaribu karatasi huigusa mbele, kwenye wino. Mama huyu alilowesha nyuma.

Maji yakapenya. Uso wa Alexander ukavimba shavuni, na weusi wa jicho lake ukaanza kuchuruzika.

"Hii hapana," Edvina akasema.

Alexander alikuwa mwanawe wa pekee. Alikuwa azikwe leo saa nane, nyumbani Izigo, na sasa ilikuwa saa nne. Edvina alitaka jambo moja tu: uso wa mwanawe usiharibike kabla hajamaliza kumzika.

Kwa kawaida Kamala ana maneno mengi kuliko wino. Leo alijibana.

"Hiyo ni ya kawaida, mama, ya barua na mitihani. Inakunywa wino. Chukua hii ya kung'aa, ndiyo wengi wanayochagua msibani."

Edvina aliiinamisha kwenye mwanga wa mlango. "Inang'aa mno. Hakuwa na mafuta usoni hivi."

"Basi tuitie kwenye fremu ya kioo. Hata mvua ikiwakuta njiani, haitaigusa."

"Fremu sitaki. Na mvua siiogopi."

Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa utomvu wa migomba. Kamala akampa kitambaa ajifute. Alijua msiba ulivyo: watu wengi, ndizi za kumenya hazina mwisho.

Edvina akafungua pindo la khanga, akatoa uzi wenye mafundo mawili. "Kutoka hapa mpaka hapa. Uso uwe sawa na huu. Nimepimia kofia yake."

Kamala hakuuliza. Waliofiwa huomba mambo ya ajabu, na si kazi ya mwenye printa kuwahoji. Aliuliza moja tu.

"Hakuna picha nyingine, ambayo hacheki?"

"Ni hiyo. Alinitumia Jumapili ya wiki juzi, akiwa kazini kisiwani Bumbire. Aliandika, 'Mama, nikirudi nipikie senene.'" Akaiziba midomo kwa khanga. Alilia kama mtu anayekohoa, kwa vipande vipande, na Kamala akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Alichokipata ni pakiti ambayo haijafunguliwa tangu Pasaka. Karatasi nzito ya picha, isiyong'aa sana, yenye utando wa plastiki mbele na nyuma. Akachapa. Edvina akasubiri wino ukauke, akaigeuza, akamimina maji, akaiacha hivyo muda mrefu. Kisha akaitazama mbele.

Alexander alikuwa mzima, meno yote nje.

"Hii," akasema. "Sasa ikate pembeni. Usibakize cheupe."

Kamala alikata taratibu, akizunguka nywele, akizunguka kidevu. Kwenye masikio akapunguza mwendo wa mkasi. Amekata picha nyingi za pasipoti maishani mwake, lakini hii ilimuuma.

"Pole sana, mama waitu," akasema alipomkabidhi.

Nje, Ayubu, mdogo wake Edvina, alikuwa amekwisha kuwasha pikipiki. "Dada, wamepiga simu. Wameshamvika suti. Wanakusubiri wewe tu."

Edvina aliibeba picha kifuani njia nzima, ndani ya blauzi, ili upepo usiikunje.

Izigo, watu walimpisha mlangoni. Padri alisimama. Jeneza lilikuwa sebuleni, wazi, na ndani yake suti ya bluu aliyonunua Alexander kwa ajili ya harusi ya rafiki yake, vifungo vimefungwa vyote, tai imenyooshwa.

Edvina akapiga magoti. Juu ya kola, mahali pa kichwa, gogo la mgomba alilolikata mwenyewe kibanjani alfajiri lilikuwa bado linatoa maji. Siku tisa walikuwa wamelisubiri ziwa limrudishe, na halikumrudisha.

Akaliwekea uso, akaubonyeza kwa viganja viwili, akakaa akiutazama aone kama utachuja.

Haukuchuja.

"Mfunikeni," akasema.