Matanga ya Kocha Hilaire

Jeneza lilipofika mbele ya lango la uwanja, Emérence alijitupa chini kwenye vumbi, akapiga yowe. Watu waliokuwa wakinywa chai ng'ambo ya barabara waliacha vikombe vyao wakaja kutazama.

Ndani ya jeneza kulikuwa na kigogo cha mgomba kilichovikwa nguo za mazoezi za kijani. Juu yake walikuwa wamebandika picha ya Kocha Hilaire, ambaye saa hiyo alikuwa nyumbani, mzima wa afya, akila mboga ya pondu.

Wapenzi wa timu ndio walioamua hivyo. Prezidenti wa timu alikuwa safarini, na kocha asiyefukuzika huzikwa. Kila timu iliyokuja Kisangani ilikuwa imewafunga, na wakishindwa tena Jumapili, wanashuka divizioni ya pili. Emérence hakuweza hata kulifikiria jambo hilo. Marehemu baba yake alikuwa golikipa wa timu hiyo, na yeye mwenyewe alifundishwa wimbo wake kabla ya Baba Yetu. Kocha lazima aende, na aende kabla ya Jumapili. Kwa hiyo alipoombwa awe mjane, alikubali bila kuuliza.

Shida ni kwamba Kocha Hilaire alikuwa amepanga chumba nyuma ya nyumba yao, na alikuwa mwema kupita kiasi. Katika mechi iliyopita Emérence alimtukana mpaka sauti ikamkauka. Jioni ile kocha alimbishia hodi, ameshika kikombe cha maji ya moto na asali.

"Pole, mama. Leo mulinitukana na haki."

"Ndiyo maana sikupendi," Emérence alimjibu, akanywa asali yote.

Sasa Issa, mpiga ngoma na mkubwa wa wapenzi wa timu, alipanda juu ya jiwe.

"Marehemu alikuwa mujinga!" akaanza. "Marehemu alikuwa kipofu!"

"Koma, Issa!" Alikuwa Mama Annette, aliyekuwa akiuza chikwange, mikate ya muhogo, pale langoni. "Mbele ya jeneza? Kwa matanga hakuna mutu anatukana maiti."

"Mama Annette, iko mugomba tu."

"Mugomba leo, kesho wewe. Museme mazuri, ao mutoe ile kitu mbele ya biashara yangu."

Watu wakatazamana. Mzaha ni mzaha, lakini desturi ni desturi. Issa akakohoa.

"Bon. Marehemu alikuwa anafika mapema kwa mazoezi."

"Ndiyo!" wakaitikia.

"Hakupiga muchezaji hata mumoja."

"Ndiyo!"

"Na... alikuwa anachana nywele vizuri."

"Sana!"

Ikaja zamu ya mjane. Emérence alikuwa ametayarisha maneno makali kuhusu mabeki wanaolala na washambuliaji wasiojua goli liko wapi. Lakini alipopiga magoti na kuiona ile picha ikitabasamu, maneno yale yalimkimbia. Yakaja mengine. Siku mama yake alipoanguka, mvua ilikuwa kubwa na hakuna pikipiki iliyokubali kutoka. Kocha aliazima toleka, akampakia mgonjwa nyuma ya baiskeli, akaendesha katika matope mpaka hospitali. Njia nzima alimwimbia ili asisinzie.

"Nani mwingine atanibebea mama?" Emérence akalia. "Hilaire, nani?"

Machozi hayo hayakuwa ya kuigiza. Issa akageuka pembeni kupenga kamasi. Mtu mmoja nyuma akasema, "Labda tumuache tu abaki?" na papo hapo akapigwa kiwiko.

Bwana mmoja mwenye koti akapenya katikati ya watu, anajifuta macho. Alijitambulisha kuwa prezidenti wa timu moja ya Banalia, amekuja mjini kununua mipira.

"Poleni sana," akasema. "Kocha wenu alikufa na ugonjwa gani?"

"Hakukufa, papa," Issa akamjibu. "Iko kwake, anakula."

Yule bwana akashangaa. "Iko muzima na munamulia hivi? Kocha gani anapendwa vile?"

Emérence akafungua kinywa aseme ukweli. Akaikumbuka Jumapili. Akamkumbuka baba yake. Akajifunika uso kwa kikwembe, akalia kwa nguvu zaidi.

"Munipeleke kwake," bwana yule akasema.

Jua lilipokuwa likishuka, Kocha Hilaire alikuwa nyuma ya pikipiki, begi mapajani, anaelekea Banalia. Alipompungia Emérence mkono alikuwa na furaha kama bwana harusi. Wapenzi wa timu waliimba na kucheza barabarani. Emérence naye aliimba, lakini moyo ulimsuta. Watu wa Banalia walikuwa wamemkosea nini?

Kesho yake alikwenda kwa Papa Waziri, prezidenti wa timu yao, aliyekuwa amerudi safari asubuhi hiyo, suruali yake bado nyekundu kwa matope. Akamweleza kwamba kocha amepata kazi kwingine.

"Aende na baraka," akasema Papa Waziri, wala hakushtuka.

"Na Jumapili, papa? Tutacheza bila kocha?"

"Bila kocha, namna gani? Unafikiri nilienda Bafwasende kutembea? Nimepata mwingine, mama. Mukubwa! Anafika leo."

Emérence akapiga makofi. Timu imepona. "Alishinda vikombe ngapi?"

"Vikombe, sikuuliza. Mimi naamini masikio yangu. Hilaire mwenyewe nilimupata vilevile, kule Isangi. Sikia: nafika Bafwasende, nakuta wapenzi wa timu wanamulia kocha wao katikati ya barabara, na yeye iko muzima! Sifa zile, mama... hata mimi nililia."