Kidonge cha Nakijwa

Siku hizi kila mtoto akizaliwa hupewa kidonge kimoja cha dawa ambayo vijidudu bado havijaizoea. Ni hicho tu, cha maisha yote. Cha binti yangu Nakijwa nimekifungia kabatini miaka ishirini.

Juzi alikuwa akikatakata kuku, mfupa ukamchoma kidole. Leo mkono umevimba hadi begani na mwili unachemka.

"Mama, niletee kidonge changu."

Nilimletea. Ningemwambiaje? Alipokuwa mchanga kuku wetu walianza kufa, na tulikuwa tunaishi kwa mayai yao. Nilikifungua kidonge chake, nikamimina dawa kwenye maji ya kuku, nikajaza ganda lake unga wa muhogo na kulifunga tena. Kuku walipona.

Nakijwa alikifungua, akamimina nusu kwenye kijiko, akaninyooshea.

"Kunywa, mama. Na wewe ulimshika kuku yuleyule."

"Meza yote, mwanangu. Ni yako."

"Nipone peke yangu, nibaki na nani?"

Nikalamba kijiko. Kisha, kwa kuwa alikuwa akinitazama, nikakunja uso kama mtu aliyeonja dawa chungu.