Jani la Isale

Siku hizi kila kihamba, shamba la migomba la ukoo, hujisemea chenyewe. Jioni, wenyewe wakiwa mezani, udongo hutaja kila ulichotiwa siku hiyo, kwa sauti ya mtu wa mwisho kuzikwa humo. Udongo ukitaja mbolea ya chumvichumvi, ukoo mzima unahamishwa.

Kihamba cha Kundaeli kilisema kwa sauti ya marehemu mama yake. Jioni ile alikula akitega sikio. Migomba ilikuwa imedumaa, harusi ya binti yao Aikande inakaribia, naye mchana alikuwa amefukia chumvichumvi kwa siri.

"Samadi na majivu," sauti ikasema. "Basi."

Ndeshi, mkewe, akampakulia mtori.

Usingizi ulimpaa Kundaeli. Mama, aliyemchapa utoto wote kwa vijiuongo, leo anaongopa kwa ajili yake akiwa kaburini! Alfajiri akakata jani la isale, lile mkosaji aombealo radhi, akalipiga fundo, akalilaza kaburini.

Jioni sauti ikasema, "Samadi. Na jani la isale, mwanangu."

Ndeshi akaweka upawa chini.

"Baba Aikande, umemkosea nani?"