Volti Kumi na Mbili

"Weka regyuleta ya kupunguza volti kwanza," Gatwiri alimwambia kaka yake katika uwanja wa Muthara. "Mota za usukani zinataka volti tano. Hiyo betri ni kumi na mbili."

"Wacha uoga." Akaunganisha nyaya moja kwa moja, akairusha ndege yao ndogo ya mfano.

Mota zile ziliungua hapo hapo. Moshi ulitoka mkiani, na ndege ikageuka kumwelekea mama yao aliyeketi nyasini.

Gatwiri aliruka mbele yake, akainua mkono. Propela ilimpasua kiganja hadi mfupa ukaonekana.

Kaka alikuja mbio, akaiokota ndege kwanza.

"Bawa liko sawa," alisema.

Gatwiri alikunja ngumi ya mkono mzima, akampiga mdomoni, akampiga tena. Mama hakuwaamua.