Kigoda cha Mteja

Salha alikuwa amefuta karibu kila kitu alichopewa na shangazi yake kwa ajili ya tovuti ya duka: aya nzima ya salamu, dua, ukoo wa washona kofia, na picha arobaini za kofia.

"Shangazi, mtu anafungua tovuti ana haraka. Aone kofia moja, bei na namba ya simu. Basi."

Bi Mwanakombo aliutazama ukurasa ule mweupe. "Yaani mgeni aingie kwangu, nisimsalimie, nisimpe pa kukaa, nimtajie bei? Wateja sina, mwanangu, lakini adabu ninayo."

Salha akacheka, kisha akageuka kutazama mlangoni. Pale mlangoni pa duka kilikuwepo kigoda ambacho wateja hukalia wakipimwa kichwa kwa uzi. Miezi mitatu sasa hakuna aliyekikalia. Akakiwekea kofia moja juu, akakipiga picha. Chini ya picha akaandika "Karibu" na namba ya simu, basi.

Siku ya nne, wakiwa dukani, simu ikaita. Namba ngeni.

"Pokea, Shangazi! Itakatika!"

"Ngoja kwanza," alisema Bi Mwanakombo, na kwa ncha ya kanga yake akaanza kukifuta kigoda vumbi.